Kabla ya Muhuri wa Chifu

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Masomo: Hesabu 27:1–11, Yoshua 17:3–6 na Marko 12:38–40.

Najua wengine wenu mko jikoni na redio iko juu ya kabati, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mko kitandani kwa sababu ya ugonjwa. Popote ulipo, kama Biblia iko karibu, ifungue kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba. Kama huna, usijali. Sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya orodha. Naam, orodha ya majina. Mtu akifa katika nchi yetu na kuacha shamba, au ploti, au fedha benki, mahali fulani huandikwa karatasi yenye majina ya wale aliowaacha. Mara nyingi karatasi hiyo haizidi ukurasa mmoja. Huandikwa juu ya goti, watu wakinywa chai. Lakini jina lisipoingia humo, mwenyewe aweza kuzunguka mahakamani miaka mingi akijaribu kuliingiza. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Tena nilikuwa nimeketi pale pale majina yalipokuwa yakiachwa, wala sikusema neno. Hayo nitawaeleza. Kwanza tuyatazame Maandiko.

Wana wa Israeli walikuwa wamefika katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani, mkabala wa Yeriko. Musa na Eleazari kuhani wakawahesabu watu. Ukiisoma sura ya ishirini na sita utachoka, nakiri. Ni majina na jamaa na hesabu, ukurasa baada ya ukurasa. Tulipokuwa chuoni, wanafunzi wengi tuliiruka. Lakini hesabu ile haikuwa ya bure. Mungu alimwambia Musa kwamba nchi ya ahadi itagawanywa kwa kadiri ya majina yale, na waliohesabiwa walikuwa wanaume wa miaka ishirini na zaidi, wawezao kwenda vitani. Kwa hiyo, kwa lugha yetu ya siku hizi, ile ilikuwa orodha ya warithi. Na katikati ya majina yale ya wanaume umo mstari mmoja wa ajabu. Wasema kwamba Selofehadi hakuwa na mwana wa kiume, ila mabinti, kisha unawataja mmoja mmoja: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Wametajwa majina, lakini shamba hawakupangiwa.

Basi mabinti hawa watano walifanya nini? Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na mbele ya kuhani, na wakuu, na mkutano wote. Hebu lifikiri jambo hilo. Wewe unayejua jinsi ilivyo vigumu mwanamke mmoja kuinuka na kusema katika baraza la wazee, fikiri juu ya mlango ule na macho yale. Wakasema baba yao alikufa jangwani, wala hakuwa miongoni mwa wale walioasi pamoja na Kora. Wakauliza kwa nini jina lake lifutwe katika jamaa yake kwa sababu tu hakupata mtoto wa kiume. Kisha wakaomba sehemu yao, wazi wazi.

Sasa mtazame Musa. Hakuwaambia kwamba wao wataolewa, na kwao ni huko watakakokwenda. Hakuwaambia kwamba desturi ndiyo hiyo. Wala hakuona haya kusema, kwa tendo lake, kwamba jambo hili hakuwa na jibu lake. Alilipeleka mbele za Bwana. Na jibu la Bwana lilikuwa kwamba mabinti wa Selofehadi wamesema haki. Hawakupewa tu kipande chao cha kuwanyamazisha. Shauri lao likawa sheria kwa Israeli wote.

Msikilizaji mmoja anayeijua Biblia yake atanipinga hapo, naye yu sawa kunipinga. Atasema: lakini mchungaji, sheria ile iliwapa mabinti pale tu ambapo hakuna mwana wa kiume. Ni kweli, siwezi kulificha. Tena katika sura ya thelathini na sita wazee wa ukoo walirudi kwa Musa wakilalamika kwamba ardhi itahamia kabila lingine, na mabinti wale wakaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Ile ilikuwa hatua ya kwanza ya safari. Lakini itazame safari yenyewe inakwenda wapi. Ayubu, baada ya mateso yake, alikuwa na wana saba wa kiume, wote wazima, na bado aliwapa mabinti zake watatu urithi pamoja na ndugu zao. Na Paulo anapowaambia Wagalatia kwamba ndani ya Kristo hakuna tena tofauti ya mwanamume na mwanamke, soma mstari unaofuata uone neno analomalizia. Ni neno la mashamba. Anawaita warithi.

Kuna jambo lingine ambalo wahubiri wengi hatulifikii. Miaka ikapita. Musa akafa. Israeli wakaingia Kanaani na ardhi ikaanza kugawanywa. Katika Yoshua sura ya kumi na saba twawakuta mabinti wale wale, wamesimama tena, safari hii mbele ya Eleazari na Yoshua na wakuu, wakiwakumbusha kwamba Bwana alikwisha kuamuru. Mbona walilazimika kurudi? Sheria ilikuwepo, nayo ilijulikana. Lakini sheria iliyoandikwa haitembei yenyewe mpaka shambani. Mtu lazima aichukue.

Hapo, wapendwa, ndipo tulipo sisi katika Kenya.

Sheria ya Urithi, ile Sura ya 160, ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Tangu siku hiyo, mtu akifa bila wosia, sheria inasema mali yake wagawiwe watoto wake sawasawa. Inasema watoto. Haikusema wa kiume, wala haikusema wasioolewa. Ilikuwa na mwanya wake, maana mashamba na mifugo katika wilaya kadhaa za wafugaji, kama Narok, Kajiado, Turkana na Samburu, yaliachiwa mila za wenyeji. Tena ndugu zetu Waislamu wana utaratibu wao katika Mahakama ya Kadhi. Lakini kwa familia nyingi zinazonisikiliza sasa, neno hilo la usawa lina zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la familia moja ambamo mahakama ya chini ilikuwa imewapa wana wa kiume sehemu kubwa kuliko dada zao, kwa hoja kwamba msichana huenda akaolewa. Mahakama ya Rufani ikaikataa hoja hiyo. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 27 inasema wanawake na wanaume wana haki sawa, na ibara ya 60 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Na ibara ya 2 inasema mila yoyote isiyopatana na Katiba ni batili.

Sheria zipo, basi. Na dada zetu bado wanaachwa nje. Kwa nini?

Nadhani sababu moja ni kwamba tukisikia maneno haya, kutetea haki, akili zetu hukimbilia mambo makubwa. Sisi Waanglikana tuna fahari yetu katika jambo hili. Twamkumbuka Askofu Henry Okullu, aliyesema na kuandika bila kuogopa wakuu. Twamkumbuka Askofu David Gitari, ambaye nyumba yake ilivamiwa usiku mwezi wa Aprili 1989 kwa sababu ya mahubiri yake. Twamkumbuka Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyeonywa na waziri mmoja asikanyage Busia, naye akaenda, na akafa katika ajali ya barabarani alipokuwa akirudi, tarehe 14 Agosti 1990. Yafaa tuwakumbuke. Lakini nimeona kwamba kuwakumbuka kwaweza kuwa mahali pa kujificha. Mtu husema: mimi si askofu, mimi si wakili, magazeti hayanijui, haki nitaitetea wapi? Ndugu yangu, utaitetea juu ya kiti cha plastiki, chini ya mwembe, wiki ya sita baada ya mazishi, wakati kijana mwenye hati nzuri anapofungua daftari.

Niwaeleze jinsi mambo yanavyokwenda, maana wengi huogopa kwa kutojua. Mtu akifa bila wosia (na wengi wetu hatuandiki wosia, kana kwamba kuandika ni kuita mauti), familia hukutana. Wanakubaliana nani atakwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mali. Wanaandika majina ya aliowaacha marehemu, wanayapeleka kwa chifu au naibu wake, na chifu anaandika barua na kuipiga muhuri. Barua ile, pamoja na cheti cha kifo, inakwenda mahakamani. Huko mwombaji anajaza fomu, naye anaapa kwamba amewataja wote. Sheria inamtaka awataje mke au waume au wake waliobaki, na watoto wote. Wale wenye haki sawa naye hutakiwa kutia sahihi kwamba wamekubali yeye awe msimamizi. Kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mtu yeyote mwenye pingamizi ana siku thelathini. Ndipo hati ya usimamizi hutolewa. Hiyo bado si ruhusa ya kuuza shamba. Kwa kawaida lazima ipite miezi sita, kisha mahakama ithibitishe nani anapata nini, na hapo napo mtu aweza kupinga. Hata baada ya hayo yote, ikionekana kwamba hati ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo kubwa, mahakama yaweza kuifuta.

Umeona milango ilivyo mingi? Lakini angalia pia jinsi inavyozidi kuwa mizito. Mlango wa kwanza, ule wa chini ya mwembe, unafunguka kwa sentensi moja ya mtu mmoja aliyepo. Ukishafungwa, wa pili unataka nauli ya kwenda mahakamani. Wa tatu unataka wakili. Wa mwisho unataka miaka. Na Gazeti la Serikali, niambieni kweli, nani kati yenu amelisoma mwezi huu? Mjane kule kijijini hatalijua tangazo hilo. Siku thelathini zitapita akiwa anapalilia mahindi.

Sasa nitawasimulia yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kasisi kijana, alifariki mzee mmoja katika parishi yangu. Aliacha mke na watoto watano, wana watatu na mabinti wawili. Binti mmoja alikuwa ameolewa mbali. Wa pili alikuwa amerudi nyumbani na watoto wake wawili baada ya ndoa yake kuvunjika, naye ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, akimgeuza kitandani na kumwosha. Nilimzika mzee yule. Baada ya majuma kadhaa familia wakaniita nifungue mkutano wao kwa maombi. Nilikwenda, nikaomba, nikapewa kiti kizuri na kikombe cha chai.

Ndugu mdogo wa marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mpwa mmoja, mwalimu, akaandika. Yakaandikwa majina ya wana watatu. Kalamu ikasimama. Mama mjane akasema polepole, akitazama chini, "Na wasichana?" Mzee akajibu bila ukali, karibu kwa upole, "Hao wana kwao." Kisha pakawa kimya. Wapendwa, kimya kile nakisikia mpaka leo. Watu kama watatu hivi waligeuka wakanitazama. Hawakuwa wananitazama kwa ubaya. Walikuwa wakingoja. Nadhani neno moja tu kutoka kwangu lingetosha, hata swali tu. Mimi nikatazama kikombe changu.

Kwa nini? Ningependa kuwaambia kwamba sikujua sheria. Nilijua. Lakini yule mwana wa kwanza alikuwa amenunua nusu ya mabati ya kanisa letu jipya, na nusu nyingine alikuwa ameahidi. Nikajiambia kwamba haya ni mambo ya familia, na kwamba mchungaji hapaswi kuingilia. Mwisho wa mkutano wakaniomba nifunge kwa maombi. Nikafunga. Niliomba umoja. Niliomba kwa muda mrefu, tena kwa maneno mazuri.

Karatasi ikaenda kwa chifu, ikapata muhuri. Mwaka uliofuata lile binti lililomuuguza baba lilitoka asubuhi kwenda kuchota maji, likakuta mtu asiyemjua anachimba mashimo ya nguzo za ua katikati ya shamba. Sehemu ile ilikuwa imeuzwa. Jioni ile mama yake alikuja nyumbani kwangu. Hakulia, wala hakunilaumu kwa maneno mengi. Alisimama mlangoni akakataa kuketi, akasema, "Mchungaji, ulikuwepo."

Nilipokuwa peke yangu usiku ule nilifungua Marko sura ya kumi na mbili. Mnakumbuka jinsi Bwana Yesu anavyowaonya watu juu ya waandishi, wale wapendao kusalimiwa sokoni na kuketi viti vya mbele. Anasema wanakula nyumba za wajane, na papo hapo wanasali sala ndefu kwa kujionyesha. Nilikuwa nimelihubiri somo lile mara nyingi. Sikuwa nimewahi kuona kwamba mambo yale mawili, sala ndefu na nyumba ya mjane, yameketi katika sentensi moja. Nilikuwa nimeketi kiti cha mbele. Nilikuwa nimesali sala ndefu.

Mama na mabinti wake walikwenda mahakamani kuomba hati ile ifutwe kwa kuwa watoto wawili walifichwa. Wakahitaji mtu wa kuapa kwamba mkutano ule ulifanyika na kwamba mabinti hawakuulizwa. Wajomba walikataa. Mwalimu aliyeandika akasema hakumbuki. Nikaapa mimi. Sisemi hivyo nijisifu, maana nilikuwa nimechelewa mwaka mzima na zaidi, na kulisema mahakamani kulinigharimu mara kumi ya kile ambacho kingenigharimu pale kwenye chai. Mwana yule wa kwanza na nyumba yake waliacha kuja kanisani. Nusu ya pili ya mabati hatukuipata. Tuliabudu misimu miwili ya mvua tukisukuma viti upande mmoja, na baadhi ya wazee wa kanisa walinieleza waziwazi sababu ya kulowa kwetu.

Mahakama iliifuta hati, na mgawanyo mpya ukawahesabu wote watano. Lakini kile kipande kilichouzwa kilikuwa kimekwisha kuingia mikononi mwa mtu mwingine, na kesi yake ni nyingine tena. Ndugu wale hawajapatana kama zamani. Nawaambia hivyo ili mtu asidhani kwamba haki ikifika kwa kuchelewa huja na kila kitu mkononi.

Hebu sasa niseme na baadhi yenu, mmoja mmoja.

Wewe mwenye hati nzuri, unayeitwa kila mara kuandika, sikiliza. Isaya sura ya kumi inaanza na ole kwa wale wanaoandika maandishi ya kuwanyima maskini haki yao na kuwafanya wajane mateka. Nabii hakumkemea mwenye kusema peke yake. Amemkemea na mwenye kalamu. Kalamu ikisimama baada ya jina la tatu, una ruhusa ya kuuliza, "Tumemaliza watoto?" Swali hilo halimtukani mtu yeyote.

Wewe ndugu wa kiume, sauti yako katika mkutano ule ina uzito kuliko yangu. Nimeona kijana mmoja, kitinda mimba, akisema mbele ya wajomba zake, "Mwandikeni dada kwanza, ndiye aliyemwosha baba." Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakaandika. Ilichukua dakika moja.

Ninyi wazee wa ukoo, nawaheshimu, na hofu yenu naijua. Mnaogopa ardhi ya babu iende kwa wakwe, na mashamba yamekuwa madogo mpaka mtu akitema mate yanaanguka kwa jirani. Lakini semeni kweli, mashamba yaliyouzwa kijijini kwenu miaka hii yaliuzwa na mabinti? Na kama binti ameolewa vema na hataki sehemu yake, mwulizeni. Wako wengi wanaosema, nawaachia ndugu zangu, na kuweka sahihi kwa hiari. Hiyo ni zawadi, na ndugu wataikumbuka. Kuachwa nje bila kuulizwa si zawadi, hata kama angekubali. Mtu hatoi zawadi kwa mkono wa mwingine.

Nawe mama uliyefiwa, au binti uliyeambiwa kwamba una kwenu kwingine, usikubali kuogopeshwa. Mtu yeyote anayejitwalia mali ya marehemu au kuiuza bila idhini ya sheria anafanya kosa ambalo laweza kumpeleka gerezani hadi mwaka mmoja. Chifu ni mtumishi wa umma. Nenda kwake mapema, kabla ya muhuri, ukamwambie watoto ni wangapi. Kama wamekutangulia, nenda mahakamani ukaulize makarani kama faili ya marehemu imefunguliwa. Na kama huna fedha za wakili, liko shirika la mawakili wanawake la FIDA Kenya, linalowasaidia akina mama tangu mwaka 1985, na kiko Kituo cha Sheria. Usiende peke yako. Mabinti wa Selofehadi walikwenda watano. Mwombe mama mmoja wa kanisa afuatane nawe, akae tu karibu.

Nasi makasisi je? Mwaka 2021 Kanisa letu la Anglikana la Kenya lilimweka wakfu mama Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huo huo mama Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Tulishangilia, nami nilishangilia. Lakini mtoto wa kike hawezi kuambiwa kwamba aweza kushika fimbo ya askofu, halafu aambiwe na mchungaji huyo huyo, kwa kunyamaza kwake, kwamba hawezi kushika jembe katika shamba la baba yake kama mwenye shamba.

Tangu siku ile ya mama mlangoni nimejiwekea desturi. Familia ikiniita nifungue mkutano wa namna hii, nakwenda mapema. Naomba nionyeshwe picha ya marehemu na watoto wake, maana kila nyumba ina picha hiyo ukutani, nami nawahesabu. Kisha nasema kwa heshima kwamba nitafungua kwa maombi, lakini ya kufunga nitayaomba baada ya kusikia majina yakisomwa kwa sauti, na mama mwenye nyumba akiwepo. Mara nyingi hakuna shida. Mara mbili nimeambiwa asante, tutamwita mchungaji mwingine.

Alhamisi hii nimealikwa tena mahali. Wao ni watoto saba, wanne wa kike, na mwenyekiti wa mkutano ni rafiki yangu wa tangu shule. Naomba mniombee. Hebu tuombe pamoja.

Ee Bwana, uliyewasikia Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa mlangoni pa hema, wakumbuke mabinti ambao majina yao yanaachwa leo. Wape chifu na mwandishi na mjomba kuuliza kabla ya kuandika. Umlinde mama yule na wajukuu zake shambani mwao. Nasi tuliokuwepo tukanyamaza, utusamehe, utufungue vinywa siku ya Alhamisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.